Paka Aliyevushwa Mto

Mimi ni Barnabas Ojiambo, mwana wa Barasa, mwana wa Wandera, mwana wa Makokha aliyetoka Samia akaja kuifyeka ardhi yetu ya Nambale wakati ardhi hiyo ilipokuwa ya chui na ngedere. Wandera aliitwa kila palipozuka ugomvi wa mpaka wa shamba, na jiwe alilolisimika hakuna aliyethubutu kulisogeza hata baada ya kifo chake. Barasa, baba yangu mzazi, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Bukhayo kuisoma Injili kwa macho yao wenyewe badala ya kusomewa. Nami nilifundisha watoto wa watu hadi nikastaafu, pasipo mtu kunishika katika wizi wala ulevi. Siyataji haya kwa majivuno. Nayataja ili mjue, wajukuu wangu, kwamba msiba ninaousimulia haukuingia katika nyumba ya watu wasio na adabu. Uliingia kwa mlango wa desturi njema.

Desturi yenyewe ni hii. Katika ukoo wetu, na katika koo nyingi za pande hizi, za Wakhayo na za Wateso, paka hauawi. Mbwa mwizi atapigwa rungu na hakuna atakayeuliza, lakini paka ana damu nzito, na anayeimwaga hutetemeka mikono uzeeni. Kwa hiyo paka aliyekosa, labda amekula vifaranga au amezaa kupita kiasi, hutiwa guniani, akavushwa mto na kufunguliwa ng'ambo. Maji yakishapita kati yake na nyumba yenu, kosa lake limekwenda naye. Wandera alifanya hivyo na hakuna aliyemlaumu, kwa maana siku zile ng'ambo ya mto kulikuwa na pori.

Lakini pale Malaba, nilikohamia nilipopewa shule na nikakaa hata baada ya kustaafu, mto ndio mpaka wa nchi mbili. Watu wa Uganda waliwavusha paka wao kuja kwetu, nasi tukawavusha wetu kwenda kwao, na hakuna upande uliokuwa na pori tena. Kila upande ulikuwa ng'ambo ya mwenzake. Paka wasio na mwenyewe wakajaa sokoni, wakalala chini ya malori yaliyosubiri kuvuka, na asubuhi injini zilipowashwa wengi wao hawakuwahi kutoka.

Mjane mmoja aitwaye Truphena, ambaye marehemu mume wake alikuwa karani wa forodha, hakuweza kuvumilia. Aliomba ghala tupu la mahindi nyuma ya soko, akaweka makasha na magunia ya kulalia, akaanza kuwaokota. Aliyemsaidia kwanza alikuwa Emojong, Mteso aliyekuwa utingo wa lori mpaka tairi lilipouponda mguu wake. Hakuna aliyelipwa pale. Wote walijitolea, na mji mzima uliwacheka. Ghala likaitwa Nyumba ya Paka, na vijana wa stendi wakapata mchezo wao: dereva mgeni akiuliza ofisi ya mpaka iko wapi, walimwelekeza kwa Truphena. Nilimwona kwa macho yangu mtu mmoja wa Mombasa akiingia na karatasi zake za mizigo mkononi, akasimama katikati ya paka.

"Mama, nimeambiwa hapa ndipo mnapiga mhuri."

Emojong akamjibu pasipo kuinua kichwa, "Ndipo, boss. Lakini mkubwa wetu amelala juu ya kasha lile, na akiamshwa anakwaruza."

Katika nyumba yangu aliishi Nasimiyu, binti ya mwanangu Phanuel. Mama yake alifariki angali anatambaa, na Phanuel alikuwa dereva wa lori la Mombasa na Kampala, mtu wa kuonekana leo na kupotea kesho. Kwa hiyo mimi na bibi yake tulimlea. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Siku moja aliniomba ruhusa ya kwenda kujitolea kwa Mama Truphena. Nikakataa. Nikamwambia kwamba binti aliyesomeshwa kwa jasho haokoti paka sokoni. Hakubisha, kwa kuwa hakulelewa kubisha. Akasema kwa upole:

"Basi, Kuka, uje wewe unichunge. Wakituona na mwalimu mzima watafikiri ni kazi ya serikali."

Kuka ni babu katika lugha yetu, na yeye alikuwa na namna ya kulitamka neno hilo iliyonifanya nishindwe. Nilivaa koti na tai, nikaenda kumchunga. Baada ya wiki moja nilikuwa nimevua koti na ninachemsha vichwa vya samaki kwenye debe.

Nililileta ghala lile katika utaratibu. Nilidai masahani yaoshwe, majivu ya kwenye makasha yabadilishwe kila asubuhi, na wagonjwa watengwe na wazima. Emojong alilalamika kwamba hata utingo alipumzika kuliko hivyo. Nasimiyu alikuwa na mkono wa kipekee. Paka aliyekuja amejikunja kwa hofu alimwendea yeye kwanza, naye alimsubiri bila kumshika, huku akimwimbia kidogokidogo nyimbo za kanisani. Hata hivyo sitawadanganya. Kazi ile ilikuwa kuteka maji kwa pakacha. Tulipompa mwenye duka paka mmoja wa kumlindia mahindi, tulikuta magunia mengine mawili yananing'inia mlangoni. Watoto wa paka walikufa kwa homa. Tuliwazika nyuma ya ghala, na Emojong akachimba mashimo ya akiba, kwa kuwa alijua yatahitajika. Nilimwuliza Truphena mara moja haya yote yataishia wapi. Akasema hajui, akaendelea kufagia.

Mwaka huo ulikuwa wa sabini na sita, nyakati ambazo mpaka ulifungwa na kufunguliwa kwa ghafla, na malori yalipanga mstari mrefu kuelekea daraja. Asubuhi moja tulikuta gunia mlangoni. Ndani yake mlikuwa na sauti ya kukwaruza, kama ya mtu aliyepoteza sauti kwa kulia. Nasimiyu alifungua kamba. Paka aliruka kabla gunia halijafunguka vizuri, akauma kifundo cha mkono wake, akang'ang'ania. Emojong alimkung'uta kwa ufagio, akamfunika kwa kapu, kisha akamsukumia kwenye tundu la waya wa kuku na kuufunga mlango wake kwa kamba ya katani. Katika purukushani ile hatukumwona sawasawa. Tulijua tu kwamba alikuwa wa kijivu mwenye milia, na nusu ya paka wa Malaba walikuwa wa kijivu wenye milia.

Truphena aliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi. Mimi nilimpeleka mtoto hospitali. Daktari alikuwa mtu makini, aliyepima maneno yake. Alinieleza kwamba dawa ya kichaa cha mbwa ilikuwa sindano za tumboni, za siku nyingi mfululizo, na kwamba dawa yenyewe ilikuwa na hatari. Alikwisha kumwona mtu aliyepoozwa na dawa na wala si na ugonjwa. Hakutaka kumchoma binti bila sababu.

"Mzee, mtazameni paka huyo kwa siku kumi," alisema. "Akibaki mzima, mtoto hana neno. Akiugua au akifa, nileteeni mtoto siku hiyohiyo, tuanze sindano. Lakini msimpoteze. Paka huyo ndiye mizani yangu. Bila yeye sioni kitu."

Nikamwahidi. Niliporudi niliwaeleza Truphena na Emojong neno kwa neno, na wote wawili walilielewa. Nasimiyu naye alilielewa. Uhai wake ulikuwa ndani ya tundu lile la waya.

Sasa nawasimulia jambo ambalo sisi hatukulijua wakati lilipotendeka.

Kesho yake lori la Phanuel lilifika kutoka Mombasa na kusimama katika mstari wa daraja. Madereva wenzake walimpa habari kwamba binti yake ameumwa na paka kwa Mama Truphena. Walimwambia hilo tu. Habari za daktari hawakuzijua. Phanuel aliuangalia mstari, akaona umeanza kusogea, na akajua kwamba akija nyumbani atapoteza zamu yake. Lakini moyo wa mzazi haukumwachia apite hivihivi. Alikimbia ghalani na gunia. Truphena alikuwa sokoni kununua unga, Emojong amekwenda kuomba vichwa vya samaki, nami nilikuwa sijafika. Paka aliyefungwa peke yake tunduni hakuhitaji kutambulishwa. Phanuel alimtia guniani, akampandisha lorini, akavuka daraja, na mbele kidogo akamfungulia katika shamba la mtama. Alifanya kile ambacho Wandera angekifanya. Aliamini ameuondoa ubaya juu ya mtoto wake na kuuweka ng'ambo ya maji, na aliendesha gari kwenda Kampala akiwa na amani. Nyuma yake mpaka ulifungwa.

Emojong aliporudi alikuta tundu wazi na kamba inaning'inia. Juu ya kasha la karibu alikaa paka wa kijivu mwenye milia, akijilamba. Emojong alidhani fundo lake lilikuwa legevu. Alimshika paka yule, naye hakupinga, akamrudisha tunduni na kufunga mafundo matatu. Hakutuambia. Aliona kosa limekwisha kurekebishwa, na kulitangaza ni kumtia hofu mama wa watu bure.

Basi mimi, Barnabas Ojiambo, nilichukua kiti changu nikakiweka mbele ya tundu, nikamtazama paka asiyehusika. Nilikuja asubuhi na nikaondoka jua likishuka. Nilisoma Zaburi, nikainua macho, nikamtazama anywavyo maji. Sijawahi kumkagua mwanafunzi yeyote katika mtihani kama nilivyomkagua mnyama yule. Alikula vizuri, akalala vizuri, akafumba macho nilipomkuna shingo kwa kijiti. Nyumbani Nasimiyu alinisubiri mlangoni kila jioni.

"Amekula?"

"Amekula."

"Na maji?"

"Amekunywa yote."

Alipumua, akaenda kumsaidia bibi yake jikoni. Jioni moja alitania kwamba sasa ninamjua paka yule kuliko ninavyomjua mke wangu, na bibi yake akamjibu kutoka jikoni kwamba ni afadhali, paka hatauliza babu alikuwa wapi kutwa nzima. Tulicheka. Nakumbuka kicheko kile kwa uchungu kuliko kilio kilichofuata.

Siku zilipotimia daktari alipokea taarifa yangu na kunipa mkono. Nilichinja jogoo. Nasimiyu aliniomba paka yule aletwe kwetu, akisema kwamba wamekwisha kujuana kwa damu na si vizuri kumwacha ghalani kama mgeni. Nikamleta mwenyewe, kifuani, ndani ya koti. Nasimiyu alimpa jina la Egwang, jina la jirani yetu mpole ambaye alikuwa na masharubu ya namna ileile, na jirani akalichukua kwa kheri.

Nasimiyu alirudi kazini ghalani. Jeraha lilikuwa limefunga. Matokeo ya mtihani yalitoka, naye akaitwa kwenda kusomea uuguzi. Bibi yake alianza kumshonea nguo. Wiki kadhaa zikapita hivyo.

Kisha asubuhi moja alianza kujikuna kifundo cha mkono. Alisema kovu linamwasha kama siafu wanatembea ndani yake. Siku iliyofuata alikuwa na homa, na mlango ulipofunguliwa upepo ukamgusa, alishtuka kama aliyepigwa. Nilidhani ni malaria. Nilikuwa natafuta gari la kumpeleka hospitali wakati Phanuel alipoingia uani, amekonda, nguo zina vumbi la njia nzima; mpaka ulikuwa umefunguliwa asubuhi ile. Alimsalimu mama yake, akaingia chumbani kwa binti yake, na akamkuta paka amejikunja miguuni pake.

"Baba," akasema, "mmeleta mwingine tena? Yule niliyemvusha hakutosha?"

Nikamwuliza anasema paka yupi.

"Yule aliyemuuma mtoto. Nilimtoa kwa tundu la Mama Truphena nikamvusha daraja. Nilimwacha kwa mtama huko. Nilikuwa na haraka, ndiyo maana sikupita hapa."

"Alikuwa mzima?"

"Mzima gani, Baba? Alikuwa anatokwa mate mpaka gunia linalowa. Anauma hata waya. Ilikuwa na shetani ndani, ndiyo nikasema isilale upande huu hata siku moja."

Alikuwa anatazamia nimsifu. Niligeuka, nikaona kwamba Nasimiyu alikuwa macho na amesikia yote. Yeye ndiye aliyeelewa kabla ya baba yake. Hakulia. Alimwomba bibi yake kikombe cha maji. Bibi akamletea. Nasimiyu alikishika kwa mikono miwili, akakisogeza kinywani, na koo lake likakaza mbele ya macho yetu, mabega yakapanda, kikombe kikaanguka. Alijaribu tena kwa kijiko. Maji yalipokaribia midomo, mwili wote ulikataa.

"Kuka," akasema alipoweza kusema, "usimgombeze Baba."

Hospitali daktari alimtazama mara moja akajua. Alinitoa nje na kuniambia kwamba dalili zikishatokea hakuna sindano duniani inayoweza kuurudisha ugonjwa nyuma. Aliuliza ilikuwaje, nami nilimweleza kwamba mizani yake ilivushwa mto. Alivua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu. Walimweka mtoto katika chumba chenye giza, mbali na upepo na mlio wa maji. Sitawasimulia yaliyotokea humo. Mnayo haki ya kujua kwamba alikufa. Hamna haki ya kujua alivyokufa, na yeye asingependa mjue. Phanuel alikuwa amemshika miguu.

Tulimzika Nambale, karibu na Barasa. Emojong alikuja kwa mguu wake mbovu, na baada ya udongo kufunika jeneza alisimama mbele ya watu akasema habari za kamba na za paka wa juu ya kasha. Hakuna aliyemzomea. Phanuel alimwendea, wakasimama wamekumbatiana, watu wawili waliomtakia mtoto mema, na mimi niliwatazama nikiwa sina la kumshitaki hata mmoja. Hilo ndilo lililonivunja. Mtu mwovu angalikuwa afadhali.

Mji nao ulisikia. Watu walikusanyika penye ghala wakitaka paka waondolewe. Nilikwenda kwa wazee wa mji, nikawaeleza kwa utulivu, kama nilivyowaeleza watoto hesabu, kwamba wanyama wale wafungwe, watazamwe, mgonjwa ajulikane na mzima ajulikane. Nilisema kwamba yule aliye mgonjwa kweli yuko ng'ambo tayari, kwa sababu tulimpeleka sisi. Walinisikiliza kwa heshima, maana wengine walikuwa wanafunzi wangu. Kisha mmoja wao akasema:

"Mwalimu, pole kwa msiba. Lakini tukiwavusha yatakwisha."

Hakuna paka aliyeuawa. Walitiwa maguniani, gunia baada ya gunia, wakapitishwa darajani na kandokando ya mto mchana kweupe. Truphena alisimama mlangoni, ufagio mkononi. Baadaye alifunga ghala na kwenda kuishi kwa dada yake, na sikumwona tena. Siku chache tu zilipita, magunia yakaanza kuning'inia mlangoni mwa ghala tupu, yametoka ng'ambo. Hapakuwa na mtu wa kuyafungua.

Phanuel bado anaendesha lori. Akifika darajani hupandisha vioo, hata jua likiwaka. Hazungumzi nami sana, wala mimi naye. Kila mmoja anajua mwenzake hana kosa, na jambo hilo halitusaidii.

Na paka ni huyu mnayemwona barazani, huyu mnayemtupia mawe ya udongo mnapodhani sioni. Amezeeka na ana jicho moja bovu. Nimesikia mama zenu wakinong'ona kwamba ana mkosi na kwamba siku moja atatiwa guniani. Nasema mbele yenu nyote, wana wa Phanuel na wana wa dada zake: hatavushwa. Atakufa hapa, na nitamzika mwenyewe. Na ninyi, kwa kuwa mnakula ugali wangu na mnabeba jina la Wandera, nawaagiza. Mnyama akimuuma mtu wa nyumba hii, mfungeni, mketi mbele yake, mjue ndiye yeye. Fundo likilegea, semeni kwamba limelegea. Na likiwapata jambo la kutisha, asiwepo kati yenu wa kulitia guniani na kulipeleka ng'ambo ili macho yenu yapumzike, kwa maana ng'ambo ni nyumbani kwa mtu. Nimewaambia nikiwa na akili zangu timamu. Simameni sasa, mmoja baada ya mwingine, mnirudishie maneno haya niyasikie.